Biblia ya Mama Tshibola Niliyompa Mdogo Wangu Siku ya Noeli

Nina miaka hamsini na mitatu. Jambo hili nililiungama kwa padri nusu tu. Leo nawaambia ninyi wasomaji wenzangu lote, hata kama mtanichukia.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na mitatu, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Niliacha shule nikawa nauza mikate ya kukaanga kila asubuhi kwenye njia ya kwenda mgodi wa Musonoi, ili wadogo zangu wawili, Felisita na Danieli, waendelee kusoma. Wote wawili walikua watu wa kanisa. Danieli alitumikia misa. Felisita aliimba kwaya na alitaka kuwa mtawa. Sijawahi kumsikia akisema uongo, hata wa mzaha.

Baba alikuwa na desturi ya kutupa kitabu kila Noeli. Nikaishika. Mimi niliyeishia darasa la sita nilikuwa nasimama muda mrefu kwenye duka la vitabu la misioni, nikifungua hiki, nikirudisha kile. Cha Danieli kisiwe na maneno magumu. Cha Felisita kiwe cha sala, maana vingine alivisoma mara moja akaviweka. Lakini alichokitaka hasa kilikuwa Biblia nzima ya Kiswahili. Kila mwaka nilimwambia, mwaka ujao...

Kisha ukaja ule mwaka mbaya. Kampuni ya mgodi iliacha kulipa mishahara, na mikate yangu ikarudi nyumbani imekauka. Duka la misioni lilikuwa na rafu tupu. Wakati huohuo majirani wenye asili ya mkoa wa Kasai waliambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Jirani yetu Mama Tshibola alizaliwa Kolwezi kama mimi. Babu yake ndiye aliyeletwa kufanya kazi mgodini. Mama yetu alipokufa, ni yeye aliyetupikia bukari, ugali wetu, mpaka nilipopata nguvu ya kusimama.

Siku vijana walipopita wakipiga milango yao kwa fimbo na kuchoma nyumba, Mama Tshibola alihamia stesheni pamoja na mumewe na watoto, kungoja gari la moshi kama maelfu ya wengine. Kabla ya kuondoka aliniletea Biblia yake, ameifunga kwa plastiki.

"Monika, unichungie hii," aliniambia, akihofia mvua na wezi wa stesheni. "Kule ku gare mvua inanyesha na bezi ni bengi. Siku ya kupanda train nitakuya kuikamata."

Ukurasa wa mbele ulijaa mwandiko. Ndivyo walivyofanya kwao: kila mtoto akizaliwa, jina lake na siku yake huandikwa humo. Ndoa humo. Vifo humo. Vyeti vyao vingine vilikuwa vimechomwa pamoja na nyumba.

Wiki mbili zikapita. Nikasikia kwamba gari moja limeondoka limejaa watu mpaka juu ya mabehewa. Nikajiambia, bila shaka Mama Tshibola amekwenda nalo. Stesheni ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kwa nini sikwenda kuuliza? Najua kwa nini. Niliogopa kumkuta.

Danieli nilimpatia kitabu kidogo cha nyimbo, kimechakaa. Kwa Felisita sikuwa na kitu... Nilikoroga unga wa muhogo na maji ya moto, nikachukua karatasi ya maua, nikaibandika juu ya ukurasa wa majina. Ukurasa uliofuata niliandika: Kwa Felisita, Noeli njema, kutoka kwa yaya wako Monika. Yaya kwetu ni dada mkubwa. Mwandiko wangu mbaya, lakini niliuandika polepole, kwa fahari.

Felisita alilia kwa furaha. Aliibeba kanisani ameikumbatia.

Siku ya tatu baada ya Noeli, Mama Tshibola alisimama mlangoni kwangu. Alikuwa amekonda, nguo zake zimelowa. Kalala, kitinda mimba wake, alikuwa amekufa kwa kuhara kule stesheni. Gari lingeondoka siku ileile, na alitaka kuandika jina la mtoto karibu na ndugu zake kabla ya kuacha kaburi lake nyuma.

Nikafungua mdomo. Nikasema vijana waliingia wakachukua vitu vyote, pamoja na Biblia.

Alinitazama, akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Hata weye balikuonea. Na weye hauna baba, hauna mama." Alinifariji. Mimi! Kisha akaondoka.

Alikutana na Felisita njiani, akampa pole kwa wizi wa vitu vyetu na wa Biblia yake. Felisita alijua hakuna kijana aliyewahi kuingia kwetu. Aliingia ndani bila salamu, akaweka Biblia mezani, akalowesha karatasi ya maua kwa maji na kuibandua taratibu.

"Yaya," alisema, "kumbe mi niliimba Noeli na Biblia ya batu."

Aliichukua Biblia tena. Alinishika mkono, tukaenda stesheni karibu mbio. Tulimkuta ameketi juu ya mizigo yake. Felisita ndiye aliyesema: "Mama, bale vijana baliitupa. Tumeiokota."

Mdogo wangu alisema uongo kwa ajili yangu.

Mama Tshibola aliifungua. Akaona mabaki ya gundi. Akageuza ukurasa, akasoma mwandiko wangu, polepole, mpaka mwisho. Akaomba kalamu kwa jirani yake, akaandika jina la Kalala chini ya mengine. Kisha akaniambia bila hasira yoyote:

"Ungeliniomba, Monika. Ningelikupatia ingine. Tulikuwa nazo mbili."

Sikumwona tena. Barua nilizotuma Kasai kwa mikono ya wafanyabiashara hazikupata jibu.

Felisita akawa mtawa kweli. Ananipenda, ananiombea. Lakini nikimpa kitabu cha Noeli, hata kipya cha dukani, vidole vyake hufungua kwanza kurasa za mbele, halafu ndipo hushukuru. Hajui kwamba namwona.

Wasomaji, kama Noeli itawakuta mikono mitupu, nendeni kwa watu wenu na mikono hiyo hiyo mitupu. Semeni, mwaka huu sina. Anayempenda Mungu hatawadharau. Na mkiwekeshwa kitu cha mtu aliyekimbia, hata akikawia namna gani, msimzike mioyoni mwenu ili kitu chake kiwe chenu. Mimi nilimzika Mama Tshibola akiwa hai, nusu saa tu kutoka mlangoni kwangu.