Tranka la Mablanketi ya Rombo

"Kipanga, unamwona?"

"Namwona."

"Usimpoteze."

Candida hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa nyuma ya Vicky Shirima tangu Mtaa wa Kongo, akipenya katikati ya mikokoteni na wauza mitandio, kofia imeshuka machoni, bastola ya Glock 19 imebanwa kiunoni chini ya koti la jinzi. Sikioni alivaa kifaa kidogo kama punje ya mahindi. Sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Ansbert, mkuu wake katika kitengo cha kuzuia ujangili, aliyemwita Candida kwa jina la kazi, Kipanga.

Vicky alikuwa mrembo.

Hilo lilimuuma Candida kabla ya mengine yote.

Taarifa waliyopewa ilikuwa fupi. Pembe za faru kutoka mbuga za kusini zingesafiri leo kwa treni ya Moshi, kisha hadi kijiji kidogo huko Rombo, juu mlimani, jirani kabisa na mpaka. Mnunuzi wa kigeni alikuwa akizisubiri huko. Zingesafiri na msichana aliyekuwa anarudi kwao kwenye sherehe ya mahari, ukoo mzima ukiwa umeshakusanyika. Jina lake Vicky.

Jina la mchumba halikuwemo. Candida alilijua mwenyewe, pale mwanaume mmoja alipotoka kwenye duka la mablanketi akamshika Vicky kiuno.

Filbert.

Aliyekuwa Filbert wake. Miaka minne walikaa chumba kimoja Magomeni. Mwezi wa tatu mwaka huu Filbert alihama Candida akiwa safarini, akamuaga kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

"Kipanga, huyo mwanaume ni nani?" Ansbert aliuliza.

"Simjui, mkuu."

Angesema ukweli angeondolewa kazini papo hapo. Naye alitaka kumfunga Vicky pingu kwa mikono yake mwenyewe. Mbele ya Filbert. Mbele ya behewa zima.

Wachumba walipanda bajaji kwenda stesheni ya Kamata. Candida akadaka bodaboda.

"Ifuate ile bajaji."

"Mumeo nini, sista?"

"Endesha!"

Stesheni ilikuwa imefurika. Desemba ilikuwa imefika, na watu wa kaskazini walikuwa wamefunga maduka Kariakoo wanapanda mlimani kwao. Televisheni kwenye maboksi, magunia ya mchele, watoto wamevaa viatu vipya.

Filbert alishuka kwenye bajaji akainua tranka la chuma.

"Lete nikubebee, bosi," mpagazi alisema.

"Niache! Nabeba mwenyewe!"

Akalibeba begani, shati limelowa jasho, huku Vicky akimfuata na begi lake dogo la magurudumu, anatabasamu.

Mimi hakuwahi kunibebea hata mfuko wa nyanya, Candida aliwaza. Wivu ulimpanda.

Hatua mbili mbele, akasita.

Hakuwahi. Wala si yeye peke yake. Dukani kwake Gerezani, kwenye vipuri vya magari, Filbert alikuwa akimwita mtu amwinulie hata betri. Mama yake mzazi alishuka kwenye basi na ndoo ya mafuta ya mawese, Filbert akamtazama tu.

Leo anagombana na mpagazi?

Candida alichomoa kifaa kilichofanana na pawabenki ya kuchajia simu. Kilitambua pembe zilizofichwa ndani ya kitu kingine. Akajipenyeza kwenye foleni, akakipitisha kando ya begi la Vicky.

Taa ya kijani.

Akakipitisha kando ya tranka.

Nyekundu.

"Kipanga, treni inaondoka," Ansbert alisema. "Mkamate msichana."

"Siyo msichana, mkuu. Ni mwanaume."

"Una uhakika gani?"

"Nilikaa naye miaka minne."



"Hilo tutalizungumza ofisini," Ansbert alisema, sauti imekauka. "Endelea."

Candida alipanda behewani. Filbert alikuwa ameketi, miguu juu ya tranka. Alipomwona alishtuka, kisha akacheka kwa sauti.

"Candida! Umenifuata mpaka huku? Jamani, huyu dada tuliachana. Hataki kukubali!"

Abiria waliangua kicheko. Mama mmoja mwenye kikapu mapajani alitikisa kichwa. "Dada, mwanaume akikuacha si unaachika? Kha!"

Vicky hakucheka. Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Candida kuliko kicheko.

"Wivu ninao," Candida alisema. "Sikatai. Fungua tranka."

Kicheko cha Filbert kilikatika.

Mkono wake ukaruka kiunoni. Bastola ya Beretta ilichomoza, lakini Candida alishaona bega likicheza. Kiwiko chake kilitua kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka chini ya kiti. Goti likaingia tumboni. Pingu zikalia.

"Yesu wangu," alisema mama wa kikapu.

Simu ya Filbert iliita. Namba ya nje. Candida aliibonyeza, akamwekea sikioni, mdomo wa Glock ukiwa ubavuni mwake.

"Umepanda?" sauti nzito iliuliza, kwa lafudhi ya kigeni.

"Mwambie umepanda," Candida alinong'ona.

"Ni... nimepanda. Mzigo upo."

"Nakusubiri kesho."

Candida alikata. "Mkuu, mnunuzi anasubiri. Vijana wako wa mpakani wamkaribishe."

"Imepokelewa."

Maofisa wawili wa kitengo waliovaa kiraia walimshusha Filbert. Candida alifungua tranka. Chini ya mablanketi mekundu, ndani ya taulo, zililala pembe mbili. Alizitoa, akawapa maofisa dirishani pamoja na ile Beretta, akalifunga tranka tena.

Vicky aliweka mkono juu ya tranka. "Yale ni mablanketi ya mahari, ya babu na bibi. Aliniambia amechagua yenye joto." Alijifuta machozi kwa kiganja. "Wazee wamekaa wananisubiri. Niwaambie nini, dada?"

"Waambie ilivyokuwa."

"Na wewe aliwahi kukuahidi kukupeleka kwao?"

"Kila Krismasi."

Vicky alishika mkono wake, akaubana, akauachia.

Honi ililia. Candida aliruka chini treni ikianza kuvuta. Kupitia dirishani alimwona mama wa kikapu amehamia kiti cha Filbert, anampa Vicky leso, anamkumbatia. Kesho wangemshusha Moshi, na juu mlimani kungekuwa na shangazi, wajomba na binamu, ua limejaa, wote wakimsubiri yeye. Wangemkasirikia, wangemlilia, wangemlisha.

Kwa Filbert, moyo wa Candida ulikuwa umepoa kabisa. Ua lile lililojaa watu ndilo lililomtia wivu.

"Kipanga, uko wapi?" Ansbert aliuliza.

"Natembea."

Akachomoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni, akaelekea kituo cha mabasi cha Gerezani bila haraka.