Kifungo cha Koti la Njano

"Mgongo! Mgongo, jamani!"

Msukuma mkokoteni akipiga kelele hiyo Mtaa wa Kongo, pisha kwanza, maswali baadaye. Shukuru hakupisha. Mzigo ulimnasa koti, kifungo kikachomoka na kuangukia meza ya Evarista, muuza zipu na vifungo, katikati ya vifungo vya kila rangi.

Shukuru, mrefu, mwembamba, koti la njano ya kiini cha yai, aliinama akaanza kupekua.

"Kaka, hapa hatuokoti, tunanunua," alisema Evarista. Alikuwa mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge lenye mikono ya puto, na kicheko kilichotangulia maneno.

"Changu kimedondokea humu, dada'angu."

"Vyote humu ni vyangu. Chagua kingine."

"Nataka hichohicho. Koti hili navaa nikiimba."

"Unaimba nini?"

"Rap ya injili."

"Makubwa! Malaika wamevaa kofia nyuma mbele!"

Walicheka wote. Kesho yake Shukuru alirudi kutafuta kifungo, na keshokutwa pia. Evarista alijua fika kwamba mtu huyu hatakipata, kwa sababu alikiokota mwenyewe jioni ileile akakificha kwenye pochi. Kwa nini alikificha? Ulizeni moyo wake.

Mapenzi yakanoga. Walikula samaki wa kukaanga sokoni Feri, wakatembea mitaa ya Posta Jumapili maduka yakiwa yamefungwa, na simu zao hazikupoa.

"Mambo, mamaa?"

"Poa, mzee wa kifungo. Umekula?"

"Nitakulaje sijasikia sauti yako?"

"Muongo! Nasikia unatafuna!"

Kitu kimoja tu kilimkera Evarista. Kila akimuuliza habari za miaka ya nyuma, Shukuru aligeuza maneno.

Halafu ikaja ile alasiri. Evarista alimpelekea Shukuru chapati kwenye duka alikouza spika, akamkuta amempa mgongo, simu sikioni.

"Beno, nimeamua. Jumapili nasimama na Mweupe mbele ya kanisa. Nimemficha vya kutosha... Evarista? Hajui. Akijua ataniacha."

Chapati zilirudi zilikotoka. Mwanamume asimame na mwanamke mbele ya kanisa, kuna nini tena kama si ndoa? Tena mweupe! Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Shukuru alipiga simu mpaka akachoka, haikupokelewa.

"Unalia nini?" alifoka Shamsa, muuza mitandio wa meza ya pili, aliyemzidi umri na maneno. "Nyinyi Wakristo si huwa mnaulizwa kama kuna mwenye pingamizi? Basi nenda kapinge! Pingamizi haliwekwi sokoni."

Jumapili Evarista alivaa gauni jekundu, akajipaka wanja wa vita. Shamsa akamsindikiza mpaka kwenye geti la kanisa la kina Shukuru, kule Msimbazi, akabaki hapo na baibui lake kusubiri matokeo.

Ndani, mchungaji aliita, "Shukuru, pita mbele na Mweupe wako!"

"Nina pingamizi!"

Kanisa zima liligeuka. Evarista alikuwa amesimama. "Mchungaji, huyu ana mchumba. Mchumba mwenyewe ni mimi. Huyo Mweupe atoke nimwone!"

Beno, yule wa kwenye simu, sasa akiwa kwenye mashine ya muziki, aliangua kicheko. Shukuru hakucheka. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Evarista, Mweupe si mtu. Ni wimbo. Mweupe ni unga, dawa za kulevya. Nilikuwa teja."

Mdundo ukaanza.

*Mweupe, binti wa kwenye kete,*
*Wengine walioa, mimi nilikuvisha pete.*
*Nikauza viatu, nikauza shuka la mama,*
*Yesu kanikuta jalalani, akaniambia: simama!*

Vijana waliruka, kina mama wakapunga leso. Evarista aliketi, ameingiwa na aibu, kisha hofu. Aliwajua mateja wa Kariakoo. Aliwahi kuwafukuza mezani kwake kwa fimbo. Huenda hata Shukuru alikuwa mmoja wao, akamfukuza bila kumjua. Wazo hilo lilimtoa machozi.

Baada ya ibada Shukuru alimfuata uani, karibu na geti. "Sasa umejua. Ukiondoka sitakulaumu."

"Na Mweupe akikupigia tena?"

"Hupiga, sikufichi. Ndiyo maana kila asubuhi nakunywa dawa ya kuacha unga kliniki. Ndiyo maana naimba."

Evarista aliogopa, na alimpenda. Mapenzi yalikuwa makubwa kidogo kuliko hofu.

"Siku akipiga, usipokee. Nipigie mimi. Na usinifiche tena, Shukuru. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Evarista alifungua pochi, akatoa sindano, uzi, na kifungo cha njano.

"Ulikuwa nacho?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ulivyoniacha nikipekua!"

"Tulia, nitakuchoma."

Shukuru alitulia, akitazama mikono ile ikishona kifuani pake.

"Evarista, hiki hakitoshi. Nataka kingine."

"Kipi tena?"

"Kifungo cha maisha."

Sindano ilisimama. Evarista alicheka huku machozi yanamtiririka, akakata uzi kwa meno. "Umehukumiwa," alisema, "na hakuna rufaa."

Getini kilipaa kigelegele cha nguvu. Shamsa alikuwa amesikia yote.

"Na mimi," alipaza sauti, "sina pingamizi!"