Nyongeza Aliyoichagua Coral

Maji yalikuja asubuhi, jua linawaka, na mbinguni hakuna hata wingu la dawa.

Nev Hargrave alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha kukunja, sahani ya mayai na soseji magotini, aliposikia kitu kinachakarisha majani makavu. Alidhani nyoka. Akainua miguu, akaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita polepole chini ya kiti chake, yamebeba povu, vijiti na siafu.

"Coral! Umefungulia bomba?"

"Bomba gani? Mimi niko ndani nafuta vikombe."

"Basi tangi limepasuka. Gari halijamaliza hata mwezi!"

Mkewe alitokeza kichwa mlangoni, akatazama chini, akatazama mbele. Mfereji wote waliokuwa wamepiga kambi ndani yake, ambao jana ulikuwa mkavu na umepasukapasuka, ulikuwa unang'aa.

"Hilo si tangi, Nev," alisema. "Ingia ndani. Acha kiti."

Katika nchi ile ya mifereji ya asili, kusini-magharibi mwa Queensland, Australia, mvua hunyesha mbali kaskazini, kisha maji yakatembea majuma matatu kuwafikia watu ambao hawakuona tone. Wenyeji hawaulizani kama mvua imenyesha. Huulizana maji yamefika wapi. Nev alikuwa ameangalia utabiri wa hali ya hewa kila siku tangu watoke Toowoomba, na kila siku utabiri ulisema jua. Utabiri haukumdanganya. Hakuna mtu aliyemuuliza habari za maji.

Walikimbilia kwa gari mahali pekee palipoinuka, kilima cha mchanga mwekundu chenye mikalitusi kumi na kitu. Hatua ishirini kabla ya kufika juu, injini ilikohoa ikazima, na gurudumu la nyuma likazama. Nev alishuka na jeki na kipande cha ubao. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na alijiona hamsini. Jeki ilikaa sawasawa kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, kisha ikadidimia kwenye tope, na gari likamshukia mguuni.

Coral alimchimbua kwa kikaango. Alichimba akiwa amepiga magoti majini, bila kupiga kelele, huku mumewe akipiga za watu wawili. Alipomtoa, suruali ilikuwa imechanika kutoka goti hadi kifundo, na ndani ya mchaniko palionekana kitu cheupe ambacho Coral hakutaka kukitazama mara ya pili. Simu ya Nev ilikuwa mfukoni mwa suruali ileile, imekunywa maji, imekufa. Coral hakuwahi kumiliki yake. Akamburuta mpaka juu mchangani, chini ya mti, akarudi garini kupiga honi. Honi nayo ilikuwa kimya. Betri ya injini ilikuwa imeshazama. Iliyobaki ni ile ya taa na muziki wa ndani, iliyofungwa chini ya kitanda, juu ya maji, inayochajiwa na sola.

Hapo ndipo Nev alipoiomba redio ya mkononi ya kuitia watu, na Coral akakumbuka siku ile ya yadi.

Gari lao lilikuwa gari-nyumba, lenye kitanda, jiko na choo, na walikuwa wamelichagulia nyongeza kwenye yadi moja ya Toowoomba. Muuzaji, mwanamke mchangamfu aitwaye Shona, aliwapa orodha ndefu na kikokotoo. Tatizo la nyongeza lilikuwa uzito. Kwa leseni ya kawaida gari halikuruhusiwa kuvuka tani nne na nusu, na baada ya kuhesabu maji, mafuta, gesi na wao wawili, zilibaki kilo mia moja na themanini za kuchezea. Nev alikuwa amefanya kazi posta miaka thelathini na minane. Kupima vitu ilikuwa raha yake.

"Turubai la kivuli, ishirini na tisa," alisoma. "Tangi la pili la maji, mia na kumi likijaa. Bibie, juzi ulipopanda mizani ulikuwa ngapi?"

"Thubutu kuniandika mimi, ulale kwenye hilo turubai."

Shona alicheka, akawaonyesha upande wa muziki: kioo kikubwa cha kugusa, spika sita za ndani, na mbili za nje, chini ya kivuli, kwa wale wanaopenda kusikiliza huku nyama inachomeka. Nev alizitaka zile za nje, akazipata. Coral aliuliza kama kuna mashine ya kupigia kanda.

"Kanda? Kaseti zile za zamani?" Shona alishika kiuno. "Mama, tangu niko shule ya msingi sijaiona!"

Fundi wa yadi alikuwa nayo moja, ameing'oa kwenye lori bovu. Lakini kwenye dashibodi palikuwa na nafasi moja tu, na Nev alikuwa ameiwekea redio kubwa ya mawasiliano, yenye mlingoti mrefu mbele ya gari, inayosikika mbali sana. Alianza kubisha. Kisha akaona mkono wa mkewe umeufunika mkoba wake.

"Weka mashine ya kanda," alimwambia fundi. "Redio nitanunua ya mkononi."

Ndani ya mkoba ilikuwamo kanda ya Darren, mwana wao wa pekee. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anachunga ng'ombe kwenye shamba moja la nchi ile ya mifereji, na kwa kuwa simu ilikuwa taabu alimrekodia mama yake kanda akaituma kwa posta. Majuma matatu baadaye farasi alimwangukia mferejini, akamuua. Miaka ishirini na saba imepita. Coral aliipiga kanda ile mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa ya Darren, ili isichakae. Safari hii walikuwa wanakwenda kupaona mahali alipoangukia, ambapo hakuna kati yao aliyewahi kuwa na moyo wa kupaona. Mwaka huu siku ya kuzaliwa ilikuwa inaangukia Jumamosi.

"Mama, niachie robo saa tu nikuhamishie sauti kwenye kompyuta," fundi alimwambia. "Bure."

"Haitoki mkononi mwangu."

"Haitaharibika, nakuapia."

"Nimesema."

Nev alimkonyeza fundi aache. Sanduku la kanda nyingine, za muziki, lilipimwa likaonekana lina kilo tisa. Lilibaki nyumbani.

Sasa Nev alikuwa amelala mchangani, redio ya mkononi karibu na kinywa, anaita kwenye chaneli ya kumi na nane. Hiyo ndiyo chaneli ya wastaafu wa Australia wanaozunguka na magari-nyumba. Huko ndiko wanakoulizana kuhusu vyoo, bei ya mafuta na nani amesahau kushusha ngazi. Nev aliipenda. Jina lake huko lilikuwa Posta.

"Yeyote wa kumi na nane, hapa Posta. Nimeumia. Tumezungukwa na maji. Kuna mtu?"

Hakukuwa na mtu. Msimu ulikuwa umekwisha, wenzake wote walikuwa wamekwenda pwani. Aliita siku nzima, na siku ya pili pia.

Maji ya kunywa yalikuwapo. Coral aliyachemsha, akamwosha Nev kidonda kwa chumvi, akamfunga kwa foronya. Kilichokosekana ni nafasi. Kilima kilizidi kupungua, na kila chenye miguu au tumbo la kutambalia kilihamia hapo. Panya waliwapita miguuni mchana kweupe. Coral alihesabu nyoka watano, akawafukuza kwa ufagio, kisha akachoka, akawaachia upande wa kusini.

"Upande ule ni wenu," aliwaambia kwa sauti. "Huku kuna mgonjwa."

Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi pajani na ulinuka. Nev alitetemeka juani. Helikopta ilipita mbali, ndogo sana. Coral alipunga shuka mpaka mabega yakamuuma, lakini gari lilikuwa jeupe kati ya magome meupe ya mikalitusi, na rubani hakuwa anawatafuta wao. Jioni Nev alimwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwishakufa, na Coral akaelewa kwamba hesabu ya siku zilizobaki imebadilika. Hakulala.

Kulipopambazuka hapakuwa na upepo. Maji yalikuwa yametulia, na bata wa majini walisikika kutoka mbali kama wako karibu. Coral alisimama akasikiliza. Kisha akauchukua mkoba.

Nev alikuwa na fahamu kidogo. "Unakwenda wapi na hiyo?"

"Spika za nje ziko juu ya maji. Sauti itafika."

"Utepe huo ni mzee, Coral. Mashine imejaa vumbi. Itautafuna." Alijaribu kuinuka. "Nitakaa tu. Niache. Usiiguse."

"Wewe nyamaza. Darren nilishamzika. Wewe sijakuzika, na sitaki." Alikuwa analia, machozi yanashuka kidevuni na hayafuti. "Umenisikia? Sitaki kubaki na kanda."

Akateremka majini mpaka kiunoni, akapanda garini, akaingiza kanda, akageuza kitufe cha sauti hadi mwisho.

"Mama, hujambo! Huku nzi wako hadi kwenye chai." Sauti ya kijana ilitoka kubwa, ikaenea juu ya maji yote yale, ikawarusha ndege mitini. "Usiwe na wasiwasi, nakula. Ngoja nikuonyeshe ninavyomwita Biskuti, mbwa mvivu kuliko wote Australia."

Zikafuata mbinja mbili ndefu na moja fupi. "Biskuti! Haya, njoo! Njoo huku!"

Coral alirudisha utepe nyuma akapiga tena mahali hapo. Akarudisha. Mbinja mbili ndefu, moja fupi. Njoo huku. Siku zote alisikiliza sehemu ile akicheka. Alipoipiga mara ya kumi na moja sauti ya mwanawe ilianza kuwa nzito, ikavutika kama ya mtu anayesinzia, kisha mashine ikakwaruza na kunyamaza. Alivuta. Utepe ukatoka umejikunjakunja, mrefu, wa kahawia, ukakatika mkononi mwake. Alikaa kwenye kiti cha dereva ameushika. Hakuwa na la kufanya tena.

Haikupita nusu saa, mbwa akabweka.

Boti ya bati ilitokea kati ya miti, na mwanamke mwenye kofia pana anaiendesha kwa mti mrefu, injini imezimwa. Mbele alisimama mbwa mweusi, masikio juu. Boti ilipogusa mchanga mbwa aliruka, akawapita Nev na Coral, akaenda moja kwa moja kuelekea gari.

"Naitwa Raelene," mwanamke alisema, keshapiga magoti mbele ya mguu wa Nev. "Mungu wangu, mzee. Huu mguu ungesubiri kesho usingekuwa wako." Alifunua kidonda, akakifunika upesi. "Kuna ndege ya daktari, nitaiita itue kwetu shambani. Tunakwenda sasa hivi."

"Umetusikia kwenye redio?" Nev alinong'ona.

"Redio? Jana nilizunguka hapa kutwa na redio wazi, sikusikia kitu. Mlikuwa chaneli gani?"

"Kumi na nane."

"Sisi huku tuko arobaini, mzee. Sisi na malori. Kumi na nane ni ya watalii." Hakusema kwa ubaya. Nev alifumba macho.

"Nilizima injini nisikilize ng'ombe waliokwama," Raelene aliendelea, wakiwa wamembeba Nev mpaka botini. "Ndivyo tunavyowapata, wanalia. Nikasikia mbinja. Mbwa wangu nusura anitie majini. Haya, mama, panda. Na yule kijana yuko wapi?"

Coral aliurudisha mguu mchangani.

"Kijana wenu aliyekuwa anaita. Mwambieni aje haraka, boti inabeba wanne." Raelene alikwisha kuanza kwenda kuelekea gari. "Wewe kaka! Tunaondoka!"

"Hayumo," Coral alisema.

"Nimemsikia kwa masikio yangu, mama. Siwezi kuondoka nikamwacha mtu kwenye maji."

Coral alifungua kiganja. Utepe ulikuwamo, umesokotana. Raelene aliutazama, akamtazama Coral usoni, kisha akaivua kofia yake pale pale na kusimama nayo kifuani.

"Tangu lini?"

"Miaka ishirini na saba. Jumamosi hii angetimiza arobaini na sita."

Walipanda. Mbwa ndiye aliyekataa. Alikuwa ameketi kwenye maji ya kina kifupi, ukingoni mwa mchanga, uso ameuelekeza kwenye spika ya nje ya gari, anangoja. Raelene alimpigia mbinja mara ya kwanza, ya pili, hakugeuka. Coral akashuka tena. Alikwenda mpaka alipo mbwa, akainama, akaweka mkono juu ya shingo yake iliyolowa, na wakaisikiliza spika wote wawili kwa kitambo.

"Twende, baba," alimwambia. "Hatakuja."