Upinde Juu ya Nyuzi

"Bu xing! Bu xing!" mlinzi Mchina alifoka kwamba hairuhusiwi, akiziba mlango wa ukumbi wa taarabu kwa mkono.

Kauthar alimpita chini ya kwapa.

Sauti ya Elinami, mkuu wake wa kazi, ilimjia sikioni kutoka Dar es Salaam.

"Tarishi wa genge tumembana mtaa wa Dengfeng, hapo hapo Guangzhou, katapika yote. Bomu limo ndani ya erhu moja, ile ala ya nyuzi ya Wachina, jukwaani. Ni dogo, litaua walio jukwaani tu. Mlipuaji yumo ukumbini na simu."

"Anasubiri nini, Mkuu?"

"Bi Domina apande."

Kauthar alielewa. Bi Domina, mwendesha mashtaka aliyelikaba koo genge la pembe za ndovu, alikuwa safu ya mbele. Taarabu ikikolea, mama kama yule hakai kitini. Atapanda kutunza. Wauaji walikuwa wameipigia hesabu desturi yetu wenyewe, mabaradhuli wale.

"Tuwatoe watu?"

"Wakiinuka tu, anabonyeza. Na anayeimba ni..."

"Namjua anayeimba."

Swalha. Mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa kafumba macho, kipaza sauti mdomoni, hana habari. Kauthar aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi.

Silaha hakuwa nayo. Guangzhou huingii na Glock. Unaingia na buibui, simu ya Huawei na uongo mzuri. Wake ulikuwa kwamba ananunua ala za muziki na kuzipeleka Unguja.

Nyuma ya Swalha, wapigaji wa Kichina walikuwa wameziacha erhu zao vitini, wakaenda kunywa chai. Shingo ndefu, kisanduku kidogo chini, nyuzi mbili. Zote zilifanana.

Bi Domina alifungua mkoba.

Kauthar alichomoa noti za yuan, akainua mkono juu, akapanda jukwaani akijipinda. Vigelegele vikapasuka. Alimtia Swalha noti mkononi, akazunguka nyuma yake akicheza, macho vitini.

Hii nzima. Ile nzima.

Pale!

Upinde wa erhu hautoki. Nywele zake hupita katikati ya nyuzi mbili, na hukaa humo siku zote. Wa erhu hii ulikuwa umelazwa juu ya nyuzi, kama wa fidla. Aliyeifungua kupakia bomu alikuwa ameirudishia kwa mazoea ya mkono wake.

Mpiga fidla!

Kwenye kikundi cha Swalha, kiti cha fidla kilikuwa kitupu. Nassor, mpigaji wake, alikuwa amesema anaumwa tumbo. Sasa alikuwa peke yake safu ya mwisho, Nokia kiganjani, macho yamemganda Bi Domina.

Kauthar aliipitisha erhu ndani ya buibui, akashuka.

Bi Domina alikuwa anapanda.

Wakapishana kwenye ngazi. Bi Domina akifika juu kabla Kauthar hajafika nyuma ya ukumbi, Nassor angebonyeza, na bomu lilikuwa limemgusa Kauthar mbavuni. Mungu ambariki mama yule, alisimama ngazini kwanza azungushe kiuno.

Kauthar hakukimbia. Alitembea na vigelegele, akitabasamu kulia na kushoto, jasho likimtiririka mgongoni.

Safu ya mwisho.

Aliketi kando ya Nassor, akamlazia erhu mapajani.

"Haya. Bonyeza."

Nassor alitazama chini. Akaitambua.

"Da Kauthar... liondoe. Nakuomba."

"Simu."

Nokia ilimtoka mkononi yenyewe. Kauthar aliitoa betri. Askari wawili wa Kichina waliovaa kiraia, walioitwa na Elinami, wakaja kimya, mmoja akabeba erhu kwa mikono miwili, mwingine akamtoa Nassor nje.

"Umemjuaje?" Elinami aliuliza.

"Ameshika fidla maisha yake yote, Mkuu. Erhu hajawahi kuipiga hata siku moja."

Jukwaani Bi Domina alikuwa akimtunza Swalha noti moja moja. Kauthar alisimama mlangoni, akamtazama mdogo wake mpaka macho yakamlowa. Kisha akaita teksi ya kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun.

Simu ililia njiani. Swalha.

"Yaani dada, unakuja kunitunza halafu unaondoka bila hata salamu? Una haraka gani ya ajabu?"

"Kazi, mdogo wangu."

"Kazi, kazi! Siku moja utakosa jambo la maana."

"Leo sikulikosa," Kauthar alisema, akakata simu.