Fimbo ya Mbogori

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, mama anayefagia ukumbi wa kijiji, juu kidogo ya Muthara, aliukuta mlango wazi na ukuta mtupu. Kufuli lilining'inia bila mkwaruzo. Fimbo ya Mbogori haikuwepo.

Koplo Kaari alipofika, watu walikuwa wamejaa uani kama kwenye matanga. Yeye ni mtu wa Embu, na miezi miwili tu tangu apangiwe kituo hiki alikuwa ameshasimuliwa hadithi ile mara kumi: jitu Mbogori, aliyemaliza mtungi wa uji kwa pumzi moja, ndiye aliyeng'oa jabali lililoziba chemchemi mwaka wa njaa. Alitumia fimbo ndefu kuliko watu wawili. Kijiji kizima bado kinakunywa maji hayo.

"Kesho mtaalamu wa makumbusho anakuja," alisema Gitobu, mwenyekiti wa kamati, kijana wa suti ya kijivu. "Atakata kipande kidogo ajue umri wa mti. Leo fimbo imepotea, na ufunguo uko kwa Njoka peke yake."

Mzee Njoka, mtunzaji, alikuwa ameketi kwenye benchi, bakora magotini. Ukoo wake ndio uliotunza fimbo tangu zamani.

"Isipoonekana kufikia kesho," Gitobu aliendelea, "tunachukua ufunguo, na jina la ukoo wenu linafutwa ukutani."

Kaari aliinama mbele ya mzee. "Baba, ufunguo hukaa wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya mlango wa jikoni."

"Na nani huingia jikoni kwako?"

"Yeyote mwenye njaa."

Watu wawili walicheka kidogo.

"Unamshuku mtu?"

Mzee alitazama mikono yake. "Sina la kusema, mwanangu."

Saa nne Kaari alikuwa Meru mjini, soko la Gakoromone, kwenye kibanda cha Vincent, muuza vinyago. Mwezi uliopita Vincent alikuwa ametaka kuinunua ile fimbo.

"Sikatai, afande. Mzee Njoka alinifukuza na bakora mpaka barabarani. Lakini hebu fikiria. Mti kama ule niubebe na boda boda kutoka Muthara, na kila mama wa ndizi aniulize, 'Vincent, Mbogori mwenyewe umemwacha wapi?'"

Kaari alitabasamu, ila aliporudi aliwauliza waendesha boda boda na akina mama wa ndizi. Hakuna aliyeona kitu. Kitu kikubwa hivyo hakipiti barabarani bila macho. Basi, alijiambia, fimbo haijatoka kijijini.

Nyumba ya Njoka iko nyuma tu ya ukumbi. Barazani alimkuta Murithi, mwana wa mzee, mfanyabiashara wa miraa huko Laare, aliyekuja nyumbani juzi. Alikuwa akifunga mabunda ya miraa. Jani la mgomba, kisha kamba ya mgomba mara tatu, kisha ncha inachomekwa chini bila fundo.

"Jana jioni mlikuwa wapi?"

"Baba alikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa hapa na miraa."

"Gitobu anasema baba yako ameiuza."

Mikono ya Murithi ilisimama. "Baba yangu? Huyo hata kuku wa jirani akitaga kwetu, yai linarudishwa."

Kaari aliomba maji. Aliyanywa polepole, akitazama shamba la viazi vikuu nyuma ya jikoni. Mimea ilikuwa imepanda miti mikubwa ya miringa, yote ikijizungusha upande mmoja, kama kwa baba yake Embu. Pembeni kulikuwa na mmoja uliopanda nguzo kavu. Ulijizungusha kinyume, na majani yake yalikuwa yamelegea. Mahali pawili ulishikwa na kamba ya mgomba.

Alirudisha kikombe na kwenda kumwita Gitobu na Mzee Njoka.

Wote wanne walisimama shambani.

"Kiazi kikuu hakifungwi," alisema Kaari. "Hushika mti chenyewe, na hakikosei upande. Aliyeuzungusha mmea huu hajawahi kulima viazi vikuu. Ila anajua kufunga miraa. Mara tatu, bila fundo."

Aliondoa majani kwenye ile nguzo. Mti mweusi uling'aa kwa mafuta.

Murithi hakukana. "Krismasi nilimsaidia baba kuipaka mafuta. Kwenye kitako nikaona alama za msumeno. Mbogori alikuwa na msumeno gani? Nikajua mtaalamu akiikata, wataandika kwamba baba amedanganya watu maisha yake yote. Nikaona afadhali ipotee."

"Wakamwita mwizi."

"Hapo mawazo yangu hayakufika, afande."

Kaari alimgeukia mzee. "Na wewe, baba, hupita hapa kila asubuhi."

"Niliiona leo kabla ya chai."

"Ukanyamaza."

"Nimtaje mwanangu mbele ya Gitobu?"

"Kwa hiyo fimbo ni ya uongo," alisema Gitobu, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote.

Mzee Njoka alisimama wima. "Hii ni ya tatu ninayoijua. Ya babu ilichongwa kwa shoka. Hii tuliikata kwa msumeno, mimi na rika langu, kwa urefu ule ule, tukainulia jiwe la chemchemi tukatoa matope, kama Mbogori. Mchwa hawajui hadithi. Kila rika huchonga yake. Siri hupewa anayepokea ufunguo." Alimtazama Murithi. "Nilikuwa nakungoja utoke Laare."

"Na mtaalamu?" Gitobu aliuliza.

"Nitamwambia yote. Ataandika kwamba hatujawahi kuacha kuichonga." Alimgusa Gitobu kwa bakora. "Zamu ni ya rika lenu sasa. Tafuteni mti."

Gitobu alifikiri, kisha akamwambia Kaari kwamba kamati haina malalamiko. Akavua koti, akaishika fimbo aing'oe. Haikutikisika.

"Murithi, nani alikusaidia kuibeba?"

"Hakuna. Niliiweka begani."

"Sisi tulikuwa wanne kuitundika," alisema mzee. Aliweka kiganja kwenye bega la mwanawe, akakiacha hapo. "Basi usiniulize tena kama Mbogori alikuwepo."