Winchi Iliyonyamaza

Mtaa wa Isevya, mjini Tabora, alikaa fundi wa malori aliyeitwa Mabruki. Gereji yake ilikuwa uani, karibu na jiko la mkewe Swaumu. Moshi wa kuni na harufu ya dizeli vilikuwa vimeshazoeana.

Mabruki alifanya kazi na shemeji yake Mussa, kaka wa Swaumu. Mussa alikuwa na maneno mengi. Hata akiwa chini ya lori alikuwa anaongea tu. Ukitaka kujua yuko upande gani, sikiliza.

Walikuwa na winchi ya mkono. Winchi ile ina ndoano mbili, mnyororo na mpini. Ndoano ya juu unaitundika kwenye boriti. Ndoano ya chini inashika mzigo. Ukisukuma mpini mbele na nyuma, mzigo unapanda kidogo kidogo. Na unapopanda, winchi inalia: ka, ka, ka. Kelele yake ilifika nyumba ya tatu.

Nyumba ya pili alikaa Bertila, mzaliwa wa Nzega. Bertila alitunza stoo ya vifaa katika karakana moja hapo mjini. Aliamka alfajiri sana. Saa nane mchana alirudi, akala, akalala.

Sasa Mabruki alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ilikuwa inazidi kipimo.

"Jirani amelala, na sisi tunampigia kelele," alisema siku moja. "Si vizuri."

"Amelalamika?" Swaumu aliuliza.

"Mtu mstaarabu halalamiki. Lazima sisi wenyewe tufikirie."

Mteja wa Sikonge alikuwa amewaletea bonge la nta ya nyuki. Mabruki aliiyeyusha, akaichanganya na mafuta ya injini, akaimimina ndani ya winchi. Kisha akasukuma mpini. Kimya.

"Unasikia?" alimwuliza Mussa.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo," alisema Mabruki, na siku nzima alitembea kifua mbele.

Wiki ile walikuwa na lori la kijiji cha ujamaa. Injini yake ilikuwa imeshatengenezwa, ilibaki kurudishwa mahali pake. Lori lilitakiwa kubeba mbegu na mbolea kabla ya mvua, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mwenyekiti wa kijiji alitaka lori lake Ijumaa.

Alhamisi mchana, kwa mara ya kwanza tangu winchi itiwe nta, waliinua injini nayo, wakaileta juu ya chesisi, ile fremu ya lori. Mussa aliingiza mikono chini yake ili alenge matundu ya bolti. Swaumu alikuwa anachambua kisamvu. Aliiona mikono ya kaka yake pale chini ya chuma kizito, na moyo wake haukutulia.

Mara Bertila akatokea uani, kanga begani, alama za mkeka shavuni. Hakupiga hodi.

"Mussa, toa mikono hapo," alisema. "Sasa hivi."

Mussa alishtuka, akaitoa. Injini ikashuka kidogo. Halafu ikaporomoka, ikagonga chesisi kwa kishindo. Mussa alivitazama vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa kumi. Akavihesabu tena, kwa sauti.

Swaumu aliangusha kisamvu chote. "Mabruki, umetaka kuniulia kaka yangu?"

Mabruki aliuachia mpini. "Sijui imekuwaje. Bertila, wewe umejuaje?"

"Nimezoea kulala na kelele yenu," alisema Bertila. "Leo usingizi haukuja. Nasikia Mussa anaongea, nasikia mpini unakwenda, lakini winchi hailii. Ndani yake kuna kidole cha chuma. Kinaangukia kwenye meno ya gurudumu, jino baada ya jino. Kikianguka kinalia. Kisipolia, basi hakishiki sawasawa."

"Nilitia nta na mafuta," Mabruki alisema polepole. "Ili wewe ulale."

Bertila alitaka kucheka, akamwona Swaumu, akajizuia.

"Ahsante kwa kunijali, jirani. Lakini nta imegandisha kile kidole. Na breki ya winchi hii inashika kwa msuguano, inatakiwa iwe kavu. Ukiitia mafuta inateleza. Mafuta ni ya mnyororo, tena kidogo tu, halafu unafuta."

"Nimekosa," alisema Mabruki. "Shemeji, nisamehe. Mke wangu, nisamehe."

Waliikalisha injini juu ya magogo, wakaishusha winchi. Bertila akaikagua kama alivyozoea kazini. Aliupitisha mnyororo wote vidoleni, pete kwa pete, akitafuta ufa, kutu na pete iliyolika. Alipima urefu wa pete kumi na moja, akakata kijiti kinacholingana nao.

"Kila mwezi pimeni hivi," alisema. "Zikizidi kijiti, mnyororo umevutika. Huo si wa kuinulia tena."

Mnyororo ulikuwa mzima. Ndoano ya chini haikuwa nzima. Mdomo wake ulikuwa umepanuka, na kilimi chake kilikuwa kimefungwa kwa waya.

"Hiki kilimi kinazuia mzigo usichomoke. Nani amekifunga?"

Mussa alitazama pembeni. "Kilikuwa kinanisumbua."

"Na hili bomba je?" Bertila aliuliza, akiokota kipande cha bomba chini.

"Tunalivika kwenye mpini," alisema Mabruki. "Mzigo ukiwa mzito."

"Mpini ukikataa, winchi inakwambia mzigo umezidi. Soma kibao chake. Kimeandikwa tani moja, mwisho ni hapo."

Hawakuifungua wenyewe. Waliipeleka kwa Masele, fundi wa winchi. Aliisafisha nta yote, akaweka bitana mpya za breki, zile zinazoshika kwa msuguano, na ndoano mpya.

Ijumaa mwenyekiti wa kijiji alikuja, akakuta lori halijawa tayari, akanuna. Mussa alimwonyesha vidole vyake kumi, akaanza kumsimulia. Alisimulia, alisimulia. Mwenyekiti alikubali kusubiri hadi Jumamosi, mradi aachiwe aondoke.

Jumamosi mchana waliinua injini kiganja kimoja tu, wakasubiri. Haikushuka. Ndipo wakaendelea, na safari hii Mussa alilenga matundu kwa mtaimbo, mikono yake mbali na chuma. Jioni lori likaondoka. Jumanne mvua ilinyesha, na mbegu zilikuwa zimeshafika.

Siku hizi, kabla ya kazi, Mabruki anapitisha mnyororo vidoleni na kutazama ndoano zote mbili. Jioni anaifuta winchi na kuitundika pakavu. Swaumu naye ana ukaguzi wake. Akiwa jikoni anasikiliza. Ka, ka, ka, anaendelea kupika. Ikinyamaza, anaacha mwiko na kuchungulia.

Adabu ya Mabruki bado haijapona.

"Jirani," anauliza ukutani kila mchana, "tunakusumbua?"

"Pigeni kelele," anajibu Bertila. "Nataka kulala."