Tangi Lisilopumua

Mama alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, na kazi yote ilifanyika katika chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na mabeseni matatu, kamba za kuanikia siku za mvua, na bomba moja. Maji yalitoka kwenye tangi la plastiki lililokaa nje, juu ya mnara mfupi wa matofali. Paipu ilishuka kutoka kwenye tangi, ikapita chini ya sakafu, ikatokeza bombani.

Sakafu ilikuwa mpya. Miaka mingi Mama alifulia juu ya udongo, na shuka likimponyoka ilibidi alifue upya. Mumewe alikuwa fundi mwashi. Alijenga sakafu za watu, na ya kwake akaiahidi kesho. Mwishowe aliijenga, ikatoka laini kama sahani. Mama aliipiga deki hata ilipokuwa safi.

Mume huyo watu walimwita Kaza. Alichokifunga Kaza kimefungwa. Chupa ya mafuta ikipita mikononi mwake, ilipelekwa kwa majirani ikafunguliwe. Mlango alioutengeneza ulisukumwa kwa bega. Yeye hakuona tatizo. Alisema afadhali kitu kigome kufunguka kuliko kijifungukie chenyewe.

Jumapili moja alikuta mjusi amekufa ndani ya tangi. Alimwaga maji yote, akalisugua, akalijaza tena. Kisha akauzungushia mfuniko gundi na utepe. Tundu la pembeni, la kutolea maji yanapozidi, akalipigilia kizibo cha mbao.

"Sasa mjusi aje na funguo zake," alisema.

Kesho yake mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa tayari ndani ya sabuni. Yalitakiwa jioni. Beseni la kwanza lilijaa vizuri. Kwenye la pili, maji yalipungua. Kwenye la tatu, bomba lilikoroma, likatema matone, likanyamaza. Mama alitoka nje akaligonga tangi kwa kiganja. Sauti ilikuwa nzito, maji yalikuwemo. Aliona pia kwamba tangi limebonyea begani, kana kwamba mtu amelikalia. Alidhani ni watoto wa mtaani.

Kaza alilifungua bomba akalichungulia. Lilikuwa safi. Basi paipu imeziba, alisema, na paipu iko chini ya sakafu. Akachora mstari kwa chaki, akaleta nyundo na tindo.

Mama alikwenda akasimama juu ya mstari.

"Ukiivunja, utaijenga lini?"

"Kesho."

"Kesho ile ile?"

Kaza alipiga magoti akangoja mkewe achoke kusimama. Mama hakuchoka. Alimtuma binti yao kwa jirani, nesi wa zahanati, akaazime ndoo ya maji ya kusuuzia. Nesi alikuwa ametoka zamu, akaileta ndoo mwenyewe. Aliwatazama wote wawili.

"Shemeji, sakafu imekukosea nini?"

Waliposimulia, nesi aliuliza swali moja tu: tangu maji yalipotoka vizuri mara ya mwisho, ni kitu gani kimebadilika? Kaza akamweleza kwa fahari habari ya mjusi, gundi na kizibo. Nesi alitoka, akalitazama tangi, akarudi akiomba bilauri, kipande cha karatasi, msumari na chupa tupu ya plastiki.

Karatasi aliikunja akaishindilia chini kabisa ndani ya bilauri. Akampa Mama bilauri, akamwambia aipindue mdomo chini, aishike wima na kuizamisha yote kwenye ndoo. Mama alifanya hivyo, kisha akaitoa. Karatasi ilikuwa kavu.

"Bilauri ilikuwa tupu, lakini maji hayakuingia," nesi alisema. "Unadhani nini kiliyazuia?"

"Hewa?" Mama aliuliza.

"Hewa. Haionekani, lakini ni kitu. Inachukua nafasi na ina uzito."

Mara ya pili Mama aliizamisha kisha akaiinamisha. Kiputo kikubwa kikatoka, maji yakaingia, karatasi ikalowa.

Kaza alisema hayo ni ya bilauri. Yeye anataka habari za tangi. Nesi akatoboa chupa karibu na kitako kwa msumari. Aliliziba tundu kwa kidole, akaijaza maji, akampa Kaza aifunge. Hakuhitaji kumwambia akaze. Alipoondoa kidole, maji yalichuruzika kidogo yakakoma. Nesi akamtaka afungue kizibo cha chupa. Kaza alikifungua kwa taabu, na papo hapo maji yakatoka.

Hapo nesi alieleza taratibu. Hewa inatuzunguka, na inasukuma kila kitu kutoka kila upande. Hatuhisi kwa sababu hata ndani ya miili yetu kuna msukumo kama huo. Maji yakitoka kwenye tangi lililozibwa, yanaacha nafasi. Hewa kidogo iliyobaki ndani inatanuka ili kuijaza, na msukumo wake unapungua. Hewa ya nje sasa ina nguvu zaidi. Inayazuia maji mdomoni mwa bomba, na inalikandamiza tangi lenyewe.

"Aliyelibonyeza tangi lako si mtoto wa mtu," alisema. "Kazini kwetu, dawa ya dripu ikija kwenye chupa ya kioo, lazima tuiachie njia ya hewa. Tusipofanya hivyo dawa inasimama, na mgonjwa anangoja."

Kaza alifikiri.

"Na mjusi je?"

"Hewa ipite, mjusi asipite. Wewe ndiye fundi."

Kaza alipanda ngazi kwenda kung'oa kizibo cha tangi, Mama akaishika. Kizibo kilikataa. Kaza alivuta, akatukana mbao, akavuta tena. Mama alimuuliza kama aende kumwita aliyekipigilia. Hatimaye kilichomoka. Hewa ilivuma kuingia ndani, na bega la tangi likafura kwa kishindo, bu, likakaa sawa.

Ndipo Mama alipokumbuka kwamba bomba limeachwa wazi. Aliporudi chumbani, maji yalikuwa yametanda sakafuni na mstari wa chaki umefutika. Alilifunga bomba, akachukua tambara, akapiga deki kutoka ukuta hadi ukuta. Hapakuwa na ufa hata mmoja.

Mashuka yalifika jioni hiyo. Kaza aliweka kwenye lile tundu kipande cha paipu kilichopinda kutazama chini, akakifunga wavu mwembamba mdomoni. Mjusi hakuingia tena, wala mbu.

Chupa za mafuta anaendelea kuzifunga vilevile. Ila mteja akimtaka azibe tangi, Kaza huweka gundi chini kwanza na kumuuliza: hewa itapita wapi?